Kodi ya Shamba la Babu

Qurus, Karatu
14 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mbaazi zimechanua, na mama amepona mguu.

Ujumbe wako kutoka Digodigo umenifikia. Unasema kwa kuwa babu alikuruka wewe akanipa mimi shamba, kodi ya kulihamishia jina langu nilipe mwenyewe. Nimeshalipa. Babu alitaka kumuuza ng'ombe wake wa mwisho ailipe yeye. Nikamwambia, "Babu, umeshatoa shamba. Hii niachie mimi." Nikauza cherehani yangu, nikaenda Karatu mjini, na sasa hati ina jina langu.

Babu hakukuruka kwa chuki. Siku ya kusaini alilia, akasema, "Modest ni mwanangu, lakini zile ekari tatu aliziuza bila kutuambia."

Yule mnunuzi uliyemtuma alikuja Jumanne na kamba ya kupimia. Nimemrudisha. Shamba haliuzwi, baba, si na wewe wala na mimi. Ila chumba chako kipo, na tukivuna mahindi, gunia lako litakuwa humo. Njoo ulichukue mwenyewe. Babu anakuulizia kila siku.

Ni mimi mwanao,
Evarista