Fremu ya Mfadhili

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Goti lako linaendeleaje, na watoto wameshapona kile kikohozi? Sisi huku hatujambo, ukiutoa mguu mmoja. Mama anakula vizuri, presha imetulia, na bado anagombana na jirani kuhusu maji machafu yanayopita ukutani kwetu. Mdogo wetu sasa anatumia mkongojo mmoja badala ya miwili. Daktari anasema goti lake halitakunjika tena kama zamani, ila ataweza kwenda msalani bila kusindikizwa, na kwa kijana wa umri wake tumeambiwa tuihesabu hiyo kuwa habari njema.

Najua mumeo alifika kwako akiwa na matope mpaka kwenye nyusi, na najua ameshakusimulia yake. Bila shaka amesema nina kichaa, na kwamba nimemtelekeza porini kama gunia la mkaa. Hilo la pili ni kweli. La kwanza utaamua mwenyewe ukimaliza kusoma. Sikupiga simu kwa sababu ungenikatiza, mimi ningepandisha sauti, na mama angesikia.

Acha nianze mbali kidogo. Unaikumbuka siku shemeji alipomkabidhi mdogo wetu ile pikipiki. Aliileta mwenyewe nyuma ya gari lake la kokoto, imeoshwa, imepakwa kijani kibichi, inanukia rangi. Ilikuwa pikipiki ndefu, ile aina ya lami na vumbi, yenye tairi za meno na shokapu zilizoinuka mpaka mama alipotaka kuigusa siti akalazimika kunyanyua mkono. Mdogo wetu ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi ya kuchanja mifugo kule milimani, na alikuwa anapanda kwa miguu na boksi la chanjo begani. Shemeji akatangaza mbele ya wageni kwamba yeye sasa ni mtu wa gari, na kwamba ndugu wa mke wake ni ndugu zake. Mama akalia. Tangu siku hiyo akaacha kumwita mkwe, akamwita Mfadhili, na jina likashika mtaa mzima. Akija, anapewa kiti chenye mikono, na sisi wengine tunagawana mkeka.

Mdogo wetu aliitunza pikipiki ile kuliko alivyojitunza mwenyewe. Shati lake lilikuwa na mafuta, lakini cheni yake ilikuwa safi kama saa ya mkononi. Kila akishuka milimani aliufungua mfuniko wa kichujio cha hewa, akakiosha, akakianika kivulini. Alizigonga spoki kwa spana, moja baada ya nyingine, akisikiliza ipi imelegea. Oili aliibadilisha kabla haijawa nyeusi. Mimi ndiye niliyemfundisha, maana unajua kazi hii ya kukagua pampu za visima imenifanya nikalie siti ya pikipiki ya ofisi kuliko kiti cha ofisi. Tukipata mapumziko tulipanda pamoja, kila mmoja na pikipiki yake, mimi mbele yeye nyuma, tukisimama juu ya vikanyagio kwenye mawe na kukaa kwenye mchanga. Kwenye makorongo alikuwa hodari. Kwenye lami alikuwa anaendesha kama amebeba mayai, mpaka wenye baiskeli wanampita. Nakwambia haya ili ujue kwamba hakuwa mtu wa mbio.

Alianguka kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, njia aliyoizoea kama ukumbi wa nyumbani. Alisema alisikia chuma kinalia, usukani ukalegea mikononi, kisha hakumbuki tena. Hakuna aliyemsikiliza. Fremu ilikuwa imekatika shingoni, pale usukani unapoingilia, na kila aliyeiona alisema imekatika kwa kuanguka. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni mumeo. Alisimama mlangoni mwa wodi, mkono kiunoni, akawaeleza wagonjwa wote wenye masikio kwamba vijana wa leo ukiwapa kitu kizuri wanakigeuza jeneza. Mama akamwomba radhi. Dada, mama yetu mzazi, mwanawe akiwa amefungwa plasta mpaka nyongani, alimwomba radhi mtu yule kwa kuharibiwa zawadi yake! Nawe ulikuwepo. Ulikuwa unamlisha mdogo wetu uji kwa kijiko, ukimwambia polepole kwamba angesikia la wakubwa asingekuwa hapo.

Ingekuwa mguu tu, labda ningenyamaza. Kilichoniunguza ni kumwona anaanza kuamini. Mwanzoni alikuwa akisisitiza kwamba usukani uliachia. Baadaye akawa anasema labda. Mwisho akawa anamwomba msamaha kila anayekuja kumjulia hali, hata wauza maziwa. Siku moja aliniomba niende ofisini kwao nikawaambie kazi ile wampe mtu makini.

Nilitoka pale chumbani nikaenda moja kwa moja ubavuni mwa nyumba, nikaliondoa turubai lililofunika mabaki ya pikipiki. Nilitaka nifanye kitu kwa mikono tu, nisije nikavunja vyombo. Nikatoa siti, nikatoa tangi, nikaipangusa shingo ya fremu kwa tambara lenye petroli. Pale ilipokatika palikuwa na rangi mbili za chuma. Kipande chembamba kilikuwa kinang'aa, na hicho ndicho kilichokatika siku ya ajali. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa na kutu iliyokomaa, na juu yake palikuwa na kovu la kuchomelea, limesuguliwa kwa msasa, likajazwa puti, likafunikwa kwa kile kijani kizuri. Chuma hakioti kutu ya namna ile kwa kuanguka asubuhi na kuokotwa mchana.

Nilikaa sakafuni na spana mkononi. Nitakwambia lililonipitia kichwani, maana sitaki udhani nina roho nzuri. Nilitaka niipeleke ikachomelewe palepale, vilevile, halafu nimwazime shemeji aende nayo milimani peke yake. Niliupanga mpango huo mpaka nikajua atavaa koti lipi. Sikuuacha kwa huruma. Niliuacha kwa sababu mtu akivunjika huletewa matunda na kusemwa vizuri, na mimi nilimtaka mzima, na ulimi wake mzima. Tena sikuwa na hakika. Huenda naye aliuziwa hivyo bila kujua. Sikutaka kumhukumu mtu kwa kutu.

Basi nikatafuta fremu nyingine, nzima, ya pikipiki ya aina ileile iliyokufa injini. Fundi mchomeleaji wa karibu na sokoni akanisaidia kuhamisha injini na nyaya. Nikaipaka kijani kilekile. Ukizitazama hutofautishi. Mama na mdogo wetu niliwaambia tu kwamba imetengenezwa.

Nafasi ikaja yenyewe. Shemeji alipita kumjulia hali mgonjwa, akiwa njiani kwenda kule juu anakojenga zahanati. Wakaguzi walikuwa wanamsubiri, mvua ilikuwa imeikata barabara, na gari lake lilikuwa limezama matope likashindikana. Akauliza nani anaweza kumpata mtu wa pikipiki. Nikamwambia mtu wa nini, shemeji, na mimi nipo? Akanishukuru sana, akimwambia mama kwamba mimi ndiye mtoto pekee mwenye akili. Alidhani nitatoa pikipiki ya ofisi.

Nilipoisukuma ile ya kijani mpaka mbele ya baraza, alinitazama kama mtu aliyekutana na marehemu dukani ananunua sukari. Akauliza nani ameitengeneza. Nikamjibu kwamba iko vilevile alivyotukabidhi. Hapo kofia ikawa inambana, mgongo ukaanza kumsumbua, na tumbo nalo likakumbuka kitu lilichokula jana. Mdogo wetu alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya stuli, anatazama. Mama akasema, kwa upole wake wote, apande tu, mtoto huyu anajua kuendesha. Angesema nini? Akapanda.

Kwenye lami alishika keria ya nyuma kwa heshima, kama inavyompasa shemeji. Tulipoingia kwenye changarawe heshima ikaisha, akanikumbatia. Nilisimama juu ya vikanyagio nikayafuata mawe, si kwamba njia safi haikuwepo. Kila shokapu zilipozama na kuinuka nilimsikia akimeza mate sikioni mwangu. Akaniomba nipunguze. Nikaongeza. Akauliza kama fundi aliitazama shingo. Nikamuuliza shingo gani, akauficha uso mgongoni mwangu. Dada, sijawahi kuendesha kwa furaha kama siku ile. Injini ilikuwa inaimba, mvua inanipiga kifuani, na nyuma yangu mtu mzima anatetemeka kama friji bovu.

Tulipofika juu ya mteremko wa machimbo niliiachia. Ndipo alipopiga kelele:

"Simamisha! Hiyo fremu ilishanikatikia mimi, itatuua!"

Nikasimamisha. Nilisimamisha pale pale alipookotwa mdogo wetu, penye lile jiwe lenye alama ya rangi ya kijani. Nikazima injini, nikavua kofia, nikamwambia aeleze, nina nafasi. Akaeleza. Ilimkatikia akiwa nayo kazini, akamwita mchomeleaji wake akaiunga, lakini tangu hapo akawa anaogopa hata kuizungusha uwanjani. Nikamuuliza kwa nini basi alimpa mdogo wetu. Akajibu bila kupepesa:

"Yule ni mwepesi. Nilijua itambeba."

Nikamwambia kwamba fremu aliyoikalia ni nyingine, nzima, imara kuliko gari lake, na kwamba hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiogopa isipokuwa mtu anayejua kilichokuwemo ndani ya ile ya kwanza. Akakaa kwenye tope. Nikampa njia mbili: tugeuze turudi, ayaseme maneno hayo hayo mbele ya mama na mgonjwa, au abaki atembee. Akasimama, akajifuta, akaanza kunitisha. Akasema hakuna atakayeniamini. Halafu akasema jambo jingine, ambalo nalifikia sasa hivi. Nilipolisikia niliwasha pikipiki nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona anakivuta kiatu chake kutoka kwenye tope kwa mikono miwili. Nasikia wakaguzi walimngoja mpaka wakachoka, wakaondoka bila kusaini. Sikusikitika, na leo nikiandika bado sijasikitika.

Nyumbani nilimwambia mdogo wetu, mama akiwepo. Akaomba aione fremu ya zamani. Nikaiweka mapajani mwake. Alipitisha kidole gumba juu ya ile kutu, akarudi, akapitisha tena, kwa muda mrefu. Kisha akaomba maji ya moto, wembe na kioo. Amenyoa ndevu, dada, zile ndevu za kujificha alizofuga tangu hospitali. Kesho yake alijikongoja mpaka ofisini kwao, akawaambia kazi ile asipewe mtu mwingine, ataingoja. Mama naye hamwiti tena Mfadhili, wala mkwe. Hamwiti chochote.

Sasa nifikie lile jambo. Shemeji, alipoona nimeshika ufunguo, alisema nisijifanye jaji wa familia. Alisema nikuulize wewe rangi ile ya kijani ilichaguliwa na nani, na brashi ilishikwa na nani. Alisema ulikaa kwenye stuli uani kwenu ukaipaka shingo ya fremu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kovu lilikuwa bado linaonekana. Alisema zawadi yenyewe ilikuwa wazo lako, ili nyumbani mumeo aheshimiwe, na kwamba ulisema kijana ataitumia kidogo tu mpaka anunue ya kwake.

Nilijaribu kuamini kwamba ananidanganya. Njia nzima ya kurudi nilijaribu. Lakini nilikumbuka siku ya kukabidhi, ulivyokuwa umekata kucha zote fupi, na ukawanyima watu mkono ukisema una mafuta. Nilikumbuka pia kile kijiko cha uji. Ulikuwa unajua, na ukamlisha, na ukamkaripia.

Mama na mdogo wetu sijawaambia sehemu hii. Nimewapa nusu, nusu yako nimekuachia wewe. Usidhani nakuficha kwa mapenzi. Mdogo wetu anakuonea huruma mchana na jioni. Anasema maskini dada, ataishije na mtu aliyemdanganya hivyo, na anataka akipona vizuri aje akuchukue na watoto wako. Nami namwacha aseme. Kila anaposema nawaza utakavyojisikia siku utakapoketi mbele yake. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Usipokuja kabla hajautupa mkongojo, nitamwambia mimi, barazani, mama akiwepo, na sitapunguza hata neno la brashi.

Wasalimie watoto, waambie mama yao mdogo anawapenda, hilo halijabadilika. Mumeo usimpe salamu zangu. Mama anakusalimu sana, anakuombea nguvu katika mtihani huu uliokupata. Mdogo wetu amenikuta naandika, na alipojua ni kwako ameniomba nikuandikie mstari wake mmoja. Nauandika kama alivyousema: "Dada, usilie sana, wewe hukujua."

Ni mimi,
mdogo wako ninayekufuata