Harufu Iliyotoka Chini ya Sakafu

Jumanne, usiku

Kumbe siyo Elia. Mume wangu ni bodaboda, na nyumba ya mama ilipoanza kunuka petroli msimu huu wa mvua, mama aliamini anaficha dumu chumbani kwetu. Kwetu Wagogo mama mkwe hamsemeshi mkwewe ana kwa ana, kwa hiyo lawama zote nilizifikisha mimi. Nimekuwa simu ya watu wawili! Elia akachoka, akahamia kwa kaka yake.

Majirani nao walilalamika, ndipo leo akaja mtaalamu wa udongo. Alichomeka bomba jembamba uani, kisha kwenye sakafu yetu ya udongo. Hapo kifaa chake kikapiga kelele.

Anasema tangi la sheli iliyofungwa hapo jirani linavuja. Petroli inageuka mvuke, nao unapenya katikati ya chembe za udongo mkavu. Mvua ikilowesha uwanja, njia za juu zinaziba, mvuke unakimbilia palipobaki pakavu. Chini ya nyumba yetu.

Na sisi tunawasha jiko la mkaa humo humo ndani. Mungu wangu.

Ametuambia tuhame mpaka... hajui mpaka lini. Hilo ndilo linalonitisha.

Jioni Elia alikuja na pikipiki, akasimama uani. Mama aligeukia ukuta, akaniambia kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, “Mwambie mumeo nilimkosea.”

Elia hakungoja nimfikishie.

“Muulize mama, nianze na mzigo upi?”