Kadi ya Utingo

6 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Sisi hapa hatujambo. Mama yako anakusalimu, goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto ananishinda mbio.

Mwenye habari ni mimi. Leseni wameichukua. Daktari wa macho alinikalisha mbele ya mashine ya vitaa, akaniambia nibonyeze kila nikiona kimoja kinawaka. Nikakaa nasubiri, nikadhani mashine imeharibika. Kumbe vitaa vilikuwa vinawaka muda wote huko pembeni. Ni presha ya macho. Katikati naona vizuri, hata uzi kwenye sindano naupitisha, lakini pembeni panafunga, na patazidi kufunga. Mtu aliyevuta matela mawili maisha yake yote, leo anavushwa barabara na mkewe. Nimeumia, sitakuficha.

Sasa sikia, na usicheke. Yule dada fundi wa kompyuta wa hapa kona ana gemu la kuendesha malori. Usukani upo, pedeli zipo. Unafunga skrini tatu: ya katikati ndiyo kioo cha mbele, za pembeni ndizo vioo vya kutazamia nyuma, na mimi nikigeuza shingo naona. Tena watu walio mbali wanaingia barabara hiyo hiyo, wanafuatana, wanapigiana honi. Nimewaona kwa macho yangu, haya yaliyobaki.

Kuna ukumbi wa gemu umefungwa, fundi akanipatia kutoka huko kadi mbili za grafiki, zile zinazochora picha, zinafanana kama mayai. Kadi ziwe mbili, hilo halina mjadala, sababu ninayo. Kilichobaki ni prosesa. Fundi anasema hiyo ndiyo kichwa cha lori, kadi ndizo matela. Nikamwambia hapo umesema lugha yangu. Anazo mbili. Moja ina viini kumi na sita, imetoka kwenye mashine za ofisi kubwa. Ya pili ina viini sita tu, ila anasema ina mbio. Mimi naviona viini kama silinda, vikiwa vingi vinavuta zaidi. Lakini wewe ndiye unayeunda hizi mashine kila siku. Nichukue ipi?

Viti vya lori niliving'oa kabla mnunuzi hajaja kulivuta, cha dereva na cha utingo. Viko sebuleni. Mama yako hasemi na mimi. Njoo Aprili kama ulivyoahidi, utingo wangu, kabla kioo hakijafunga.

Baba yako


27 Februari

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi mzima, nimechoka tu. Habari ya macho imenisikitisha. Yale matone ya dawa usiyaruke hata siku moja.

Kuhusu prosesa, chukua yenye viini sita. Viini si silinda, baba. Gemu la malori linategemea kiini kimoja au viwili vyenye mbio, vilivyobaki vinakaa kama abiria. Ile ya ofisini imetengenezwa kuhudumia watu wengi kwa pamoja, si kukimbia. Ila ya viini sita ina njia chache za kupitishia data kwenda kwenye kadi. Ukifunga kadi mbili zitagawana njia hizo nusu kwa nusu. Kwa hiyo funga moja, ya pili irudishe. Gemu za siku hizi karibu zote hazitumii kadi mbili, na hilo lako halitajua hata kama ya pili ipo. Itakula umeme na kulipasha kasha joto. Ni mzigo tu.

Aprili sitaweza, maagizo yamejaa karakana nzima. Tuseme Disemba. Na tafadhali, baba, nina mvi sasa. Usiniite utingo.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hatujambo. Mama yako sasa anasema na mimi, ila anasema mambo ya viti tu.

Mchagua jembe si mkulima, kwa hiyo nimeamua na mashine imeshaundwa. Nimechukua ya viini kumi na sita. Usikasirike kwanza. Nilimuuliza fundi habari ya njia uliyoniandikia, akasema ile kubwa ina njia tele, kila kadi itapata zake bila kunyang'anyana. Nikasema basi, ni hiyo hiyo. Sitaki kadi ya pili iachiwe makombo. Wewe umeiita mzigo. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Ukweli ni kwamba gemu linakwama. Natoka kituoni vizuri, nikiingia mjini kwenye magari mengi picha zinaruka, nakanyaga breki hapa, lori linakuja kusimama kule. Jana nimeingia kwenye ukuta wa benki. Mama yako alicheka mpaka akajitupa kwenye kiti cha utingo. Nikamwinua. Nikamwambia kiti kina mwenyewe.

Hivi huko karakanani mnazijaribu mashine kabla ya kuziuza, sivyo? Mnazijaribu kwa gemu gani? Nauliza tu.

Baba yako


11 Juni

Shikamoo baba,

Natumaini hamjambo. Unisamehe kwa kimya. Barua yako ya Machi ninayo, na ile ya Mei ya kuniuliza kama ya Machi ilifika ninayo pia.

Nilikwambia viini sita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa mkuu ni mtoto, kwa hiyo hana wa kumsikiliza. Kutwa nzima naunda mashine za watu wa namna hiyo. Wanataka kadi mbili ili wawaonyeshe marafiki, kasha la kioo, taa za rangi, halafu wanatupigia simu kulalamika kwamba gemu linakwama. Wao ni wateja, nalazimika kuwanyenyekea. Sikutegemea na nyumbani nikutane na mteja.

Disemba pia sitaweza. Usiniulize kwa nini. Mama alipokuwa anakuuliza wewe, ulikuwa unajibuje? "Jumamosi nina safari." Nimelala na homa, una safari. Siku ya kumaliza shule kila mtoto ana baba yake, wangu ana safari. Nilikupata likizo tu, kwenye kile kiti unachokilinda, na hata hapo kazi yangu ilikuwa kuruka chini kwenye mlima na kufuata na gogo nyuma ya tairi, lori lisije likarudi nyuma, kisha nisubiri honi, mbili fupi na moja ndefu, nirudi mbio kabla lori halijaniacha. Hukuwahi kusimama uningoje. Nilikuwa nadandia linatembea.

Sasa mwenye safari ni mimi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mwanao


2 Julai

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima. Barua yako amenisomea mama yako, mistari yako mirefu inanikimbia pembeni. Alipofika pale pa homa akaishusha barua. Nikamwambia endelea. Akaendelea mpaka kwenye nyoka.

Sina la kubisha. Lori likisimama mlimani halina uhakika wa kuondoka tena, ndiyo maana sikuwa nasimama. Lakini mtoto hawezi kujua hilo, na mimi sikumweleza.

Acha nikwambie sababu ya kadi mbili, niliificha kwa aibu. Moja ni yangu, moja ni yako. Nilipowaona wale watu wanafuatana barabarani nikajua kila dereva ana kadi yake. Nikasema, kama nimjuavyo Aprili hatakuja, basi kadi yake ikae humu, imepata njia zake, siku akipata nafasi huko aliko aingie akae. Kadi ya pili ndiyo kiti chako. Ndiyo maana nilikataa kuirudisha, na ndiyo maana nikachukua kichwa cha kuzilisha zote mbili, hata kama kinakwama. Fundi alijaribu kunieleza jambo fulani nikamwambia hayo ni ya mimi na mwanangu.

Sasa nipe siku. Iwe siku yoyote, saa yoyote. Pembeni pamezidi kufunga, nikinyoosha mkono upande siuoni tena. Katikati bado pazuri. Nataka tuendeshe pamoja mara moja, wewe mbele mimi nyuma, kabla hapajafunga pote. Safari hii nitasimama nikungoje.

Baba yako


30 Agosti

Shikamoo baba,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi mzima, kazi ni ile ile.

Usiudhike, lakini nimecheka. Nimemsomea na mwenzangu hapa mezani naye akacheka mpaka akaangusha bisibisi. Baba, kadi si kiti. Kila anayeingia kwenye ile barabara anaingia na mashine yake huko huko aliko, ya kwako haimbebi mtu. Yako yenye kadi moja ingetosha tangu siku ya kwanza. Hata mimi ningeweza kuingia kutoka hapa hapa karakanani jioni yoyote. Mashine mpya tunaziwasha na kuziacha zicheze zenyewe hilo hilo gemu la malori ili tuone kama zitapata joto, usukanini hakuna hata mtu.

Kwa hiyo toa hiyo kadi ya pili, rudisha prosesa ya ofisini, weka ya viini sita. Utaona litakavyoteleza.

Habari ya siku, nikipata nafasi tutaona.

Mwanao


14 Oktoba

Mwanangu,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo.

Nimefanya ulivyosema. Fundi ameweka ya viini sita, kadi ya pili ameitoa, na tayari imechukuliwa na mtu mwingine. Linateleza kweli. Napita pale benki bila kugusa ukuta. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, ya pili haikuwa na kazi.

Lile neno lako la jioni yoyote nimelifikiria sana. Mimi nilidhani kinachokuzuia ni mashine yangu. Nikahangaika na viini, nikahangaika na njia, nikagonga kuta, ili upate pa kukaa. Kumbe pa kukaa unapo, jioni zote hizo, na malori yanakwenda usukanini hakuna mtu. Leseni waliponinyang'anya sikulia. Safari hii nimelia, na mama yako ameniona.

Kiti cha utingo nimekitoa nikakiweka uani. Kuku mmoja amekipenda, anatagia pale.

Na Disemba usijisumbue.

Baba yako


9 Novemba

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sijui nianzie wapi. Ile barua ya Agosti niliiandika kama ninavyomjibu mteja, nikaifunga nikaipeleka posta bila kuisoma tena. Nilipopata yako ndipo nikasikia nilichokisema.

Mama alinitajia kwenye simu jina unalotumia barabarani. Jumamosi wenzangu walipofunga nilibaki karakanani, nikaketi kwenye mojawapo ya zile mashine, nikaingia. Sikukwambia, nilitaka ushtukie tu niko nawe. Nilikukuta unatoka kituoni na matela mawili. Nilikujua hata kabla ya kusoma jina, hakuna mwingine anayewasha indiketa mapema vile. Nikakufuata mwendo mrefu bila kufanya lolote, nakutazama tu unavyopanda milima. Kisha nikaja ubavuni mwako nikapiga honi, mbili fupi na moja ndefu. Nikapiga tena.

Ukasogea pembeni, nikajikuta niko mbele yako. Nikasimama kando ya barabara nikungoje. Ukanipita, hukupunguza hata gia.

Najua pembeni huoni. Najiambia kwamba ni hilo tu. Nitaingia tena, nipe siku, iwe yoyote, saa yoyote. Na Disemba nakuja. Nimeshaomba ruhusa.

Utingo wako


1 Disemba

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika. Mama yako hajambo, na barua hii anaandika yeye, mimi nasema tu. Katikati napo pameanza ukungu.

Ukija Disemba mama yako atafurahi, chumba chako kipo.

Umeomba siku. Jumamosi nina safari. Na Jumamosi nyingine nina safari, ninazimaliza nilizo nazo kabla ukungu haujajaa.

Umetaja habari ya honi. Niliisikia, mbili fupi na moja ndefu. Nilidhani ni mtu mwenye haraka anaomba njia. Nikampisha.

Baba yako