Bandari Isiyo na Maji

Lubumbashi, 4/3/2024
Mwezi wa nane tangu niondoke Kindu

Mwanangu Nafisa,
Salaam aleikum. Mimi mzima, ila mgongo unauma. Mama yako anaendeleaje? Huku bandarini tunalaza matofali ya zege, makontena yapangwe juu yake. Shefu wa kazi, enjenia, anashika kadi yangu ya uchaguzi mpaka tofali la mwisho; ndiyo kitambulisho changu, na bila kadi sisafiri. Imebaki kona moja tu. Mwezi wa tano nitakuja kukuozesha kwa Yassine.
Baba yako

Kindu, 29/3/2024

Baba,
Aleikum salaam. Kikohozi cha Mama kimepoa. Lakini wakwe wananicheka. Kwao bandari ni mtoni. Shangazi wa Yassine kasema: "Lubumbashi iko na bandari gani bila mayi? Ule mzee ameoa bibi mupya!" Niambie ukweli. Siku ya ndoa nataka mkono wako ndio ushike mkono wa Yassine, si wa Baba Mdogo Hassani.
Mtoto wako

Lubumbashi, 20/4/2024

Nafisa,
Salaam. Natumaini nyote wazima. Mwambie shangazi huyo, hii ni bandari kavu. Meli inashusha Dar es Salaam, malori yanaleta makontena huku. Kona ile tuliimaliza Jumanne. Jumatano enjenia akaja na ramani mpya: "Papa Asumani, meli zimekuwa kubwa. Moja inashusha mzigo wa meli tatu za zamani, na pwani hakuna pa kuuweka. Uwanja uwe mara mbili, na chini tuchimbe upya, makontena yatapandana matano." Nikaomba kadi. Akacheka: "Tofali la mwisho, Papa!" Sasa tunang'oa tuliyoyalaza.
Baba yako

Kindu, 11/5/2024

Baba,
Hatujambo. Nimesogeza ndoa mpaka tarehe 17 mwezi wa nane. Yassine amekubali. Shangazi yake amenuna. Sitasogeza tena.
Mtoto wako

Lubumbashi, 2/8/2024
Mwaka na mwezi tangu niondoke

Nafisa,
Salaam kwako na Mama. Jana enjenia alikuja tena na ramani kwapani. Sikungoja aikunjue.
Barua hii asome Hassani mbele ya shehe: mimi, Asumani, baba wa Nafisa, nampa ndugu yangu uwakili wa kumwozesha. Mkono wake siku hiyo ni mkono wangu.
Wakikuuliza narudi lini, waambie narudi meli zikiacha kukua.
Baba yako