Papa Aliingia Uwanjani, na Mimi Siachi Raga

Mama Redempta, shikamoo. Ndivyo mlivyotufundisha ninyi Watanzania kuanza, nami naanza hivyo ingawa leo sina unyenyekevu mwingi. Naitwa Joyeuse, binti wa Kasika na Ernestine, Wakongo, kwetu ni Brooklyn Center, Minnesota, nasoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Saint Paul. Jina langu ulisome redioni kama lilivyo, usiseme "msikilizaji wetu J", kwa sababu watu wa kanisa letu wanalitaja kila siku, afadhali walisikie na kutoka kwangu. Msaada ninaoutaka ni huu: nataka kurudi nyumbani, na sitaki kuacha raga.

Raga nilijifunza Kampala, tulikoishi tukisubiri kuletwa Amerika. Mwalimu mmoja Mganda alikuwa anatukusanya wasichana baada ya masomo, anatufundisha kukimbia na mpira mkononi na kumwangusha mwenzio bila kumvunja, na mimi niliyekuwa mkimbizi, ambaye mjini pale kila mtu aliniambia nisogee pembeni, nilipata mahali pamoja ninaporuhusiwa kutosogea. Nilipoingia chuo nikakuta wavulana wana timu ya raga na wasichana hawana, nikaenda ofisi ya michezo kuuliza kwa nini, bwana mmoja akacheka kwa upole akasema wasichana wa hapa hawautaki mchezo huo, nikamwambia mimi ni wa hapa na ninautaka, akasema haya, lete wenzako wa kutosha timu, tuone.

Nikawatafuta. Niliwakamata kwenye mashine za kufulia, kwenye foleni ya chakula, maktabani hata nikafukuzwa. Wa kwanza alikuwa Kirsten, mtoto wa wakulima, aliyekua akiwaangusha ndama ili wachomwe chanjo. Akaja Pa Houa wa Saint Paul, Mhmong, kabila la Asia, mfupi ila mabega yake ni mapana kama mlango. Akaja Hodan, Msomali kutoka mtaa wa Phillips, Minneapolis, aliyeuliza swali moja tu, kama atacheza na hijabu yake, nikamwambia atakayekataa tutamkataa sisi. Uwanja tulinyimwa, wakasema umejaa, basi majira ya baridi tulikuwa tunarushiana mpira juu ya paa la maegesho ya magari, na kwa kuwa juu ya saruji huwezi kumwangusha mtu, tulishuka kwenye theluji nyuma ya bweni, theluji ndiyo ikawa godoro letu, mlinzi anatufukuza huku tunahamia kule. Ilichukua mwaka na zaidi, lakini mwezi wa pili mwaka huu chuo kikaitambua klabu, mimi nikawa nahodha, na mwezi wa nne tukapangiwa mechi yetu ya kwanza, mji wa Blaine.

Sasa papa. Papa yangu, ndivyo sisi tunavyomwita baba, ni mzee wa kanisa na mtu mpole. Nilimwambia, "Papa, Jumamosi uje Blaine, uone kitu nilichoanzisha chuoni." Yeye akawatangazia watu kanisani kwamba binti yake ameanzisha jambo kwenye université, akavaa suti yake ya kijivu na tai, akamchukua na dada yake, shangazi Emérance, anayeongoza kwaya. Mama alikuwa kazini kule anakotunza wazee, hakuja. Nilipowaona wanashuka kwenye gari, shangazi na kitenge kipya na kilemba, papa na suti, upepo wa Blaine unavyowapiga, nilifurahi sana, nikapunga mkono, refa akapiga filimbi tukaanza.

Haikupita muda nikapata mpira. Nikakimbia, wasichana wawili wakaniangusha, na wengine wa pande zote wakaja kusukumana juu yangu kuugombea mpira, ndivyo mchezo ulivyo, wala sikuumia. Kisha nikasikia sauti ya papa. "Mumuache! Munaua mutoto wangu! Mumuache!" Alikuwa ameingia katikati ya uwanja na viatu vyake vya kanisani, amemshika jezi msichana mkubwa wa timu ile nyingine anamvuta atoke juu yangu, anateleza, anainuka, anavuta tena. Refa akapuliza filimbi kama kichaa. Watu wakacheka, wengine wakatoa simu wakapiga picha. Nikasimama na matope usoni, na mbele ya wote nikamwambia papa, kwa Kiingereza ili kila mtu aelewe, aende nyumbani, ananiaibisha.

Akaenda. Mechi ikaendelea, tukafungwa, tukafungwa vibaya, lakini tuliimaliza tukiwa wote kumi na watano.

Bwana wa ofisi ya michezo akaniambia papa asionekane tena kwenye mechi zetu la sivyo klabu itasimamishwa, nikasema sawa. Nilipofika nyumbani papa alikuwa bado na suti yenye matope. Akasema, "Chagula. Muchezo ule ao nyumba hii." Nikamwambia, "Papa, nimejenga kitu kwa mikono yangu na weye unataka nikibomoe kwa sababu uliogopa." Akageukia ukutani. Nikachukua mkoba wangu, na tangu siku hiyo nalala sebuleni kwa Kirsten. Shangazi amenitoa kwaya. Aliniambia mbele ya wamama, "Weye binti, wakikukanyaga tumbo kila Jumamosi, utakuja kuzaa na nini?" Mama ananipigia kwa siri, anasema mlango ukigongwa papa anageuka haraka, akiona si mimi anarudi kutazama chini. Shangazi naye anasema papa amekuwa hivi tangu kaka yangu Kalume. Kalume alikufa tukikimbia vita, watu wenye silaha walimpiga barabarani na papa ameshikwa na wanaume wawili asimfikie. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Najua ni uchungu mkubwa, lakini siwezi kuishi maisha yangu yote ndani ya siku ile.

Sikuulizi kama niache, Mama. Siachi. Nauliza ninarudije nyumbani bila kuacha.

Joyeuse

MAMA REDEMPTA ANAJIBU

Joyeuse mwanangu, marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nilikushangilia peke yangu jikoni. Ya pili nilikukasirikia.

Nianze na la kushangilia, maana najua wapo wanaosubiri nikwambie uache. Hawatalipata kwangu. Usiache. Umeingia ofisi ya watu waliokwambia kitu hakiwezekani, ukakifanya kiwezekane, umewakusanya watoto wa mama mbalimbali ambao bila wewe wangepishana tu kwenye korido. Leo ukiondoka kwa sababu umetishwa, Hodan na Pa Houa na yule mwangusha ndama watajifunza nini? Na wewe mwenyewe utarudi nyumbani na mwili tu. Hapana. Cheza.

Shangazi yako mwambie hivi, kwa adabu: mwezi wa nane mwaka huu wasichana wa Kenya wanakwenda Olimpiki kucheza raga, na wanawake wengi walioucheza mchezo huo wana watoto. Akiwa na hofu ya kweli, mpeleke kwa daktari akamuulize mwenyewe. Na kuhusu kwaya, wamekutoa mbele, hawajaweka kufuli kooni mwako. Nenda Jumapili, keti kwenye benchi, wimbo ukianza imba ukiwa umeketi hapo hapo. Anayetaka kukunyamazisha aje akuzibe mdomo watu wakimwona.

Sasa sikiliza na usinikatize.

Ulimwambia baba yako "uje uone kitu nilichoanzisha". Kitu gani? Neno raga uliliweka wapi? Umewaeleza wasichana wageni kwenye mashine za kufulia jinsi ya kuangushwa, umemweleza mlinzi, umemweleza bwana wa ofisi, ila mzee aliyekulea ukamwacha avae suti akidhani anakuja kupigiwa makofi. Usiniambie ulisahau. Uliogopa atakataa, ukatumaini akishafika itakuwa imekwisha. Basi na wewe uliogopa, kama yeye. Hilo ulilomrushia usoni linakuhusu.

Pili. Umeniandikia habari ya Kalume mwishoni kabisa, kama jambo lililokwisha, halafu ukapita. Mimi sikupita. Siku ile barabarani baba yako alishikwa na wanaume wawili. Blaine hakushikwa na mtu. Aliona mwanawe yuko chini na watu wamemjaa juu, akakimbia, na viatu vile, na umri ule, akawaingia wote peke yake. Watu wa Blaine waliona kichekesho, nao siwalaumu, hawajui. Lakini wewe ulijua. Ukamfukuza kwa lugha ambayo hata akitaka kujitetea haimtoshi.

Unasema huwezi kuishi ndani ya siku ile. Sahihi kabisa, na usiishi. Ila baba yako hakuulizwa na mtu kama anataka, yeye anaishi humo, na hakuna anayemtoa kwa kumwambia anaaibisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Usisubiri kuitwa. Nenda kwenu Jumapili hii baada ya ibada, mama yako akiwepo, mchana kweupe, bila shangazi na bila Kirsten. Kama mlango umefungwa, gonga mpaka ufunguliwe, kugonga milango unajua. Ukiingia, omba radhi kwa ajili ya neno moja tu, lile la Kiingereza la mbele ya watu. Liombee radhi kwa Kiswahili cha kwenu. Usiombe radhi kwa ajili ya raga. Akisema "chagua", mwambie, "Papa, nimechagua vyote viwili, na sitoki." Kisha nyamaza. Wewe ni mtu wa maneno mengi, naona kwenye barua, lakini hapo nyamaza.

Chukua na mpira. Toka naye nje, kwenye nyasi, umwonyeshe unavyoanguka. Mwonyeshe unavyokunja kidevu, bega linagusa chini kwanza, unavyouachia mpira na kuinuka. Anguka hata mara ishirini. Anguka mpaka macho yake yazoee kukuona unainuka. Mweleze refa ni wa nini, mweleze nani anakuja na machela na dawa. Hayo ndiyo aliyostahili kuelezwa kabla ya kufunga tai.

Halafu lile "sawa" ulilompa bwana wa ofisi. Wewe uliyebishana mwaka mzima kwa ajili ya uwanja, baba yako alipopigwa marufuku ulikubali kwa neno moja? Rudi ofisini. Waeleze kilichotokea na kwa nini, waambie utakaa naye kwenye mstari mechi moja kama mchezaji wa akiba ili awe na mtu wa kumweleza kila kinachotendeka. Wakikataa, rudi tena wiki inayofuata.

Na asipokuelewa? Inawezekana. Mzazi halazimiki kupenda. Utacheza akiwa hapendi, na utakula mezani pake akiwa hapendi, na utamwamkia kila siku asubuhi. Lakini usihame tena kwa hasira ukaita huko kuhama ushindi. Umekuwa msichana asiyesogea uwanjani. Usisogee na nyumbani.

Mama Redempta

YALIYOFUATA

Wasikilizaji wengi walitupigia simu baada ya majibu haya kusomwa, wengine wakinisifu, wengine wakiniambia ninaharibu watoto wa watu. Joyeuse mwenyewe ameandika tena na ameniruhusu niseme.

Alikwenda Jumapili. Baba alifungua mlango mwenyewe, akarudi kuketi. Joyeuse akaomba radhi. Akasema amechagua vyote viwili, baba akabaki kwenye kiti. Basi akatoka nje na mpira, akaanza kuanguka kwenye nyasi za nyuma ya nyumba, peke yake, na majirani wanachungulia. Baadaye baba akatoka, akasimama na mikono mfukoni. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ule binti mukubwa, mwenye nilivuta jezi. Nilimuumiza?"

Joyeuse akamwambia, "Hapana, Papa, alicheka tu, akaniuliza kama wewe ni kocha wetu."

"Umuombe pole," akasema, akaingia ndani. Mama Ernestine akaweka sahani tatu mezani.

Si kwamba amekubali. Bado anasema mchezo ule si wa mtoto wa watu. Ofisi ya michezo nayo haijajibu, na Joyeuse anakwenda kila wiki. Lakini Jumapili iliyofuata, kanisani, Joyeuse alikuwa kwenye benchi anaimba, na shangazi Emérance akasimamisha wimbo, akasema mbele ya wote kwamba binti asiyesikia wazazi asiimbe na watakatifu.

Mzee Kasika akasimama. Watu walidhani anaungana na dada yake.

"Emérance, huyu ni mutoto wangu," akasema. "Kama kuna mutu wa kumukataza, ni mimi. Na mimi sijamaliza kumusikiliza. Mwendelee kuimba."