Joto ya Nguba na Karanga ya Yaya

Yaya yangu mupenzi, dada yangu mukubwa,

Mbele ya salamu, ujue barua hii inatoka kwa mutu mukubwa: hapa Bukavu baprofesere hawawezi kusema leo iko joto ao baridi mpaka mimi niandike. Ata bakubwa ba Région banangojea kaye yangu, daftari ya joto. Sasa salamu. Mugongo wako unaendelea namna gani? Batoto banakula vizuri? Mimi niko muzima, roho tu njo inauma.

Inauma juu ya barua yako. Unaandika eti shemeki, bwana yako, ananicheka mbele ya batu: "Ule ndugu yako anapima joto ya kichwa yake tu." Eti musimu uliopita ulingojea mvua kama nilivyokuambia, mvua ikanyesha mapema, bajirani bakavuna karanga, weye ukabaki na mbegu mu kitunga. Na sasa Septemba inafika tena, unaniuliza: upande, ao ungojee?

Yaya, sikukudanganya. Mu bustani moja ya mutaa wa Nguba, kando ya ziwa, kuna kisanduku cheupe cha miguu minne, ndani yake termometre. Kila asubuhi saa moja nafungua, naangalia, naandika. Miaka inne. Na joto ilikuwa inapanda, inapanda! Profesere wangu, muzungu wa miwani, akaniambia: "Kitoga, dunia inapata joto, juu ya moshi na kukata pori." Mimi nikakutumia lile neno zima, nikaongeza yangu kidogo: ziwa itachemka, samaki batapikika mu mayi, mvua haitaonekana mbele ya Novemba. Siku ile nilijiona kama waziri.

Juma iliyopita akafika mwengine, docteur wa Kinshasa, suti yake ya abacost imenyooka. Bakagombana mbele yangu kama bamama ba soko.

Docteur akasema: "Station zingine za kupima joto zinapanda kidogo sana. Hii yako inaruka kama chura! Na inaruka asubuhi tu."

"Unakataa sianse?" muzungu akauliza.

"Sianse siikatai. Nakataa kisanduku."

Halafu docteur akanigeukia: "Citoyen, asubuhi unafanyaka nini hapa?"

"Naandika, docteur."

Miaka yote ile naamuka mbele ya ndege juu yao, hakuna ata mumoja aliuliza kama nimekula. Siku banauliza, banauliza kama polisi. Bale ni batu?

Basi jibu yangu: panda. Mvua ikilowesha udongo vizuri, panda, usingojee barua ya mutu. Joto ya dunia iko, ata docteur amekubali, lakini haiko ile niliyokuandikia.

Unisalimie maman mudogo mwenye miguu inamuvimba, na mutoto wako wa kwanza mwenye ameoa. Nasalimia pia katekista mwenye anakusomea hii barua. Katekista, simama hapa kwanza, shemeki atoke inje.

Ametoka?

Yaya, asubuhi upepo ya ziwa inazimaka moto ya makala. Chini ya kile kisanduku tu njo haifiki. Pale njo nilikuwa naweka mbabula yangu, jiko ya makala. Nilianza na kikombe ya chai, mwaka ya inne ikakuwa sufuria ya maharagi. Docteur bado sijamuambia.

Ni mimi ndugu yako,
Kitoga