Daktari Haniamini, na Dawa ya Meno Natumia Kila Siku

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla akili haijaniruka, maana nimeitwa mwongo na kila nikijipekua siuoni huo uongo wenyewe uko wapi.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na minane, na mwaka jana nilifunga vyuma vya meno, ndiyo, kwa umri huu, wateja walicheka wakachoka, kwa sababu meno yangu ya mbele yamepandana tangu utotoni na nimeishi nikiziba mdomo kwa kiganja kila ninapocheka, hata kwenye picha za harusi yangu mwenyewe nimefumba mdomo kama mtu aliyenuna. Sasa mume wangu alikuwa mtunza ghala, kiwanda kikafungwa, akakaa nyumbani miezi saba akitazama ukuta, haongei, hanyoi ndevu, mpaka siku moja nikarudi kutoka kukazwa waya nikiwa siwezi kutafuna hata ndizi mbivu, yeye mwenyewe akainuka, akaingia jikoni, akachemsha karafuu, tangawizi, manjano na majani ya mpera, akakamulia limau, akatia asali, akaniambia, "Sukutua hii, mke wangu, halafu utaniambia." Na kweli, mshauri, maumivu yalikata palepale.

Tangu siku hiyo mume wangu amefufuka. Anaamka mapema, ananyoa, anapiga mluzi jikoni, na chupa amezipanga dirishani kwa tarehe kama alivyokuwa akipanga mizigo ghalani, hizi zina lebo ya "Asubuhi" na zile "Jioni". Akaniambia niachane na ile ya dukani, hii yake ndiyo dawa ya meno ya kweli, nami nikaiacha, na mswaki siku hizi naupitisha mkavu mara mojamoja tu kwa sababu unanasa kwenye waya. Kusukutua sijaruka hata siku moja. Ile mipira midogo inayoshikilia waya niliichagua ya bluu, sasa imekuwa ya kijani, mume wangu anasema ni ishara kwamba dawa imeingia.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nashona kola ya shati jeupe la mteja, nikaona tone la damu kwenye kitambaa, nikajua nimejichoma sindano, nikavikagua vidole vyote kumi, kumbe damu inatoka mdomoni, waya umechomoza umenichana shavu kwa ndani na mimi sikusikia chochote! Nilipomwambia mume wangu alifurahi. "Unaona? Hata huumii!" Nikajiuliza hilo ni jema au ni baya, mpaka leo sijui.

Basi Jumatatu nikaenda kwa daktari wa meno. Akaukata ule waya, akanimulika mdomoni, akaguna. Fizi zimevimba, anasema, na kuna madoa meupe kama chokaa kuzunguka vyuma.

"Mama, unatumia dawa ya meno?"

"Ndiyo, daktari."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili kwa siku. Asubuhi na jioni."

Akanitazama. "Mama, mimi si mtoto."

Akaandika kwenye faili, nami nikachungulia, nikasoma: "Anadai anatumia dawa ya meno. Si kweli." Habari za chupa za mume wangu sikuzitaja kwa sababu mwenyewe aliniambia madaktari hawapendi kusikia mambo hayo. Daktari akasema nikirudi baada ya wiki mbili nikiwa katika hali hii, atavitoa vyuma vyote, kazi ikiwa nusu.

Nyumbani sijasema neno. Nikiiacha dawa ya mume wangu nitamrudisha kwenye ukuta wake, nikiendelea nayo nitarudi kwenye kiganja changu, na kinachonichanganya kuliko vyote ni kwamba dawa ya meno natumia, naapa natumia, sasa mwongo ni nani, ni mimi, ni daktari, au ni mume wangu?

Ni mimi, fundi niliyebaki mdomo wazi

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nilitaka kukuzaba kibao, na ya tatu nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Mdogo wangu, mwongo hayupo. Daktari alikuuliza kuhusu ile ya kwenye tyubu, inayopakwa kwenye mswaki. Wewe ukamjibu kuhusu chupa ya dirishani. Zote mbili mnaziita dawa ya meno, basi mkaagana mmenuniana.

Lakini usishangilie bado, nina ugomvi na wewe. Mtu mzima, unapima watu viuno kwa utepe, ukikosea nusu inchi unafumua gauni zima, halafu kinywa chako unakikadiria kwa macho? Manjano yanaipaka mipira ya bluu mpaka inakuwa kijani, unaambiwa ni ishara, unakubali!

Kabla ya kukujibu nilimpigia daktari mwingine wa meno ninayemwamini. Limau ni kali, linalainisha jino pembeni mwa vyuma. Asali ni sukari, na inakaa chini ya waya ambako mswaki wako haufiki. Weka hayo mawili pamoja na kuacha kupiga mswaki, umepata chokaa yako. Vipande vya majani navyo vinanasa humohumo. Na karafuu haikukuponya, ilikutia ganzi tu. Shavu linachanwa, wewe unatafuta jeraha kwenye vidole.

Chupa zote zimwagwe leo, na nani azimwage nitakuambia. Nunua tyubu yenye floridi, mswaki laini, na ule mdogo mwembamba unaopita chini ya waya. Piga mswaki kila ukimaliza kula, taratibu, jino kwa jino, kama unavyoshona pindo. Halafu usingoje wiki mbili ziishe. Mpigie daktari wako kesho asubuhi umtajie kila kilichokuwa kwenye chupa, usimfiche hata jani.

Sasa mume wako. Unadhani aliamshwa na karafuu? Mwanamume yule aliinuka kwa sababu mkewe alishindwa kutafuna ndizi. Hiyo ndiyo dawa iliyomnyanyua, na hakuna daktari anayeweza kuikataza. Mwambie ukweli leo, kwa upole, kabla ya kugusa chupa hata moja, na amwage mwenyewe. Daktari niliyempigia anasema fizi zikiuma, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo hayana ubaya, baada ya mswaki, kamwe si badala yake. Hiyo kazi mwachie yeye. Lebo zake abandike.

Na siku ya kurudi kliniki nenda naye. Mkishakaa pale, daktari akikuuliza tena kama unatumia dawa ya meno, usikimbilie kujibu. Muulize kwanza, "Ipi?" Mume wako ataelewa, daktari ataelewa, na mtacheka wote watatu. Wakati huo, fundi, mkono wako ubaki mapajani.